Mechi mbili za hoki, miaka minane ya mabishano: kisa cha C More na linki zilizopita nje ya malipo

Mechi zenyewe zilikuwa mbili tu, za hoki ya barafuni, tarehe 20 Oktoba na 1 Novemba 2007. Mabishano yaliyozaliwa nazo yalipita mahakama tatu za Sweden na moja ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2015 yalikuwa bado hayajaisha. Wanasheria wa hakimiliki huitaja kesi hii kwa jina fupi, "C More", tena kwa kupita, kama kijikesi kilichosimama kwenye kivuli cha kesi kubwa kubwa. Naona wanaipunja. Ukitaka kujua mwenye tovuti anawajibikaje anapowaonyesha watu namna ya kutazama chaneli ya kulipia bila kutoa hela, utapata shida kupata kisa kisafi kuliko hiki. Hakuna kadi iliyochakachuliwa. Hakuna king'amuzi cha magendo. Hakuna aliyerekodi mechi wala kuirusha upya kwa mitambo yake. Kuna linki, basi.

C More Entertainment kilikuwa kituo cha televisheni ya kulipia. Vuli ya mwaka 2007 kilikuwa kikirusha mechi za hoki mubashara kwenye tovuti yake, na mtazamaji alitozwa krona 89 kwa kila mechi, ambazo hukumu inazikadiria kuwa kama euro 9.70. Bwana mmoja, ambaye rekodi za mahakama zinamtaja kama Sandberg, alikuwa na tovuti yake mwenyewe. Humo akaweka linki. Ukiibofya, unajikuta ndani ya matangazo ya C More, mechi inaendelea, na ule ukurasa wa kukudai krona 89 hukuuona kabisa.

Kabla ya mechi ya kwanza kuanza, C More walimpigia simu wakimtaka aziondoe. Hakuziondoa. Wakamwandikia kumwonya kwamba anaingilia haki zao. Linki zikabaki, na mechi ya pili nayo ikatazamwa bure kwa njia ile ile. Ilipokuwa inaendelea ndipo C More walipoweka kinga ya kiufundi iliyozuia mtu yeyote kuingia kwa kupitia linki hizo.

Hapo pa kinga pasomwe taratibu, maana utetezi wowote wa mwenye tovuti ungeanzia hapo. Kama kinga iliyozifunga linki iliwekwa katikati ya mechi ya pili, maana yake kabla ya hapo haikuwepo. Kulikuwa na ukurasa wa malipo mbele, na nyuma yake matangazo yenye anwani ambayo mtu akiwa nayo anaingia moja kwa moja. Sandberg hakuvunja msimbo wowote. Alichofanya ni kuichukua anwani iliyokuwa imekaa nyuma ya kaunta na kuibandika barazani. Wakili hodari angesema: mteja wangu ametaja anwani tu, na kutaja anwani si kosa, kama hamkutaka watu waingie, mngeweka kinga tangu tarehe 20 Oktoba, kwani mlivyoiweka tarehe 1 Novemba kuna kilichowashinda?

Ni hoja yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Sheria nyingi zinazolinda televisheni ya kulipia zimeandikwa kumkamata mvunja kinga. Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1998 kuhusu huduma za kulipia, namba 98/84, yanapiga marufuku biashara ya vifaa haramu vya kufungulia matangazo. Maagizo ya hakimiliki ya mwaka 2001, namba 2001/29, yanakataza kukwepa kinga za kiufundi zenye ufanisi. Linki si kifaa. Na kinga ambayo haijawekwa haiwezi kuitwa yenye ufanisi. Ukimfuata Sandberg kwa njia hiyo unaweza kurudi mikono mitupu.

Sweden haikumfuata kwa njia hiyo. Mwendesha mashtaka alimshtaki kwa jinai chini ya sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ya mwaka 1960, na C More wakaingia kwenye kesi hiyo hiyo kama waathirika, wakidai fidia. Tarehe 11 Novemba 2010 mahakama ya wilaya ya Hudiksvall ilimtia hatiani: ameingilia hakimiliki ya C More, alipe faini, fidia, riba na gharama.

Hakuna aliyeridhika, pande zote mbili zikakata rufaa, na kwenye rufaa ndipo kesi ilipogeuka. Tarehe 20 Juni 2011 mahakama ya rufaa ya Nedre Norrland ilikubali kwamba Sandberg ana hatia, ila ikasema amekosea haki tofauti na ile iliyotajwa Hudiksvall. Iliipima kazi ya watangazaji wa mechi, ya wapiga picha na ya waongozaji waliochagua picha ipi iende hewani, ikaona kwamba hakuna sehemu yake, iwe peke yake au ikijumlishwa yote, iliyofikia kiwango cha ubunifu kinachohitajika ili kupata hakimiliki. Kwa hiyo C More hawakuwa na hakimiliki. Walichokuwa nacho ni hakishiriki, ile haki ndogo anayopewa mrushaji wa matangazo kwa sababu ameyarusha, awe mbunifu au asiwe. Na hiyo ndiyo iliyoingiliwa. Fidia ikapandishwa kidogo, faini ikashushwa kidogo.

Kwamba mechi yenyewe haina mtunzi, hilo ni jepesi kulimeza. Miezi michache baadaye, tarehe 4 Oktoba 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hivyo hivyo kuhusu mpira wa miguu, katika kesi ya mama mmoja mwenye baa huko Portsmouth, Karen Murphy, aliyekuwa anaonyesha Ligi Kuu ya Uingereza kwa kadi ya kituo cha Ugiriki. Mchezo unaobanwa na kanuni zake hauachi nafasi ya uhuru wa kiubunifu, kwa hiyo si kazi ya sanaa inayolindwa. Kinachoweza kulindwa ni wimbo wa ligi, michoro ya kwenye skrini, vipande vilivyorekodiwa.

Lakini mtangazaji wa mpira? Sisi tuliokua tukimsikiliza marehemu Leonard Mambo Mbotela redioni, mechi ikiwa mbali na uwanja ukiuona kichwani, tutashangaa kuambiwa kwamba utangazaji wa mpira hauna ubunifu. Mahakama ile haikusema hivyo kwa watangazaji wote wa dunia, iliyapima matangazo yaliyoletwa mbele yake. Hata hivyo naona iliwabana mno wale waongozaji wa picha. Kamera zaidi ya moja, marudio, uso wa kipa baada ya goli: kuna mtu anayeamua, na mwingine angeamua tofauti.

Kilichofuata kinaonekana kichekesho usipoijua biashara yenyewe. Aliyekwenda Mahakama ya Juu, Högsta domstolen, ni C More, yaani upande ulioshinda. Mtu amehukumiwa, fidia imeongezwa, bado wanakata rufaa wakitaka itamkwe kwamba wao ni wenye hakimiliki, na fidia ipande zaidi. Sababu si ngumu. Hakimiliki ni haki pana, inayotambulika kila nchi, na kwa Ulaya imesawazishwa. Hakishiriki ya mrushaji ni nyembamba, na upana wake unabadilika ukivuka mpaka. Kituo cha kulipia kinachotegemea kinga ya aina hiyo hakijui kitasimamia nini dhidi ya tovuti iliyoko nchi jirani.

Mahakama ya Juu ilikuta maswali mawili ambayo sheria ya Ulaya haikuwa imeyajibu. La kwanza: kuweka linki ni "kuwasilisha kazi kwa umma", au ni kuelekeza tu? La pili: sheria ya Sweden inamlinda mrushaji kwa upana kuliko Maagizo ya 2001/29, je, hilo linaruhusiwa? Ikapeleka maswali matano Luxembourg, iliko Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, manne yakihusu linki.

Wakati yakisubiri foleni, Luxembourg ikatoa uamuzi kwenye kesi nyingine iliyotoka Sweden hiyo hiyo, ya waandishi wa gazeti la Göteborgs-Posten dhidi ya kampuni ya Retriever. Hiyo ndiyo Svensson, ya tarehe 13 Februari 2014. Kiini chake ni kwamba ukiweka linki ya kwenda kwenye makala iliyo wazi kwa kila mtu, hujaifikisha kwa umma mpya, kwa sababu umma wote ulikuwa tayari unaruhusiwa. Watu wengi wa mitandao walishangilia na kuishia hapo. Aya ya 31 ya hukumu hiyo inasema jambo jingine: kama linki inamwezesha mtu kukwepa vizuizi vilivyowekwa ili kazi ionwe na waliojiandikisha tu, na bila linki hiyo asingeifikia, basi wote wanaoingia kwa linki hiyo wanahesabiwa kuwa umma mpya. Umma ambao mwenye haki hakuuruhusu.

Aya hiyo ni kama imemlenga mtu wa Hudiksvall, ingawa hakuwamo kwenye kesi. Inavyosomeka, haiulizi kama kufuli lilikuwa imara. Inauliza kama mwenye mali alikusudia waingie waliolipa tu, na kama wewe ndiye uliyewawezesha wengine. Fikiria dalali wa nyumba: nyumba si yake, ufunguo hana, lakini bila yeye mpangaji asingeujua mlango wa nyuma. Hoja ya "mngefunga tangu mwanzo" inapungua nguvu hapo. Haifi kabisa, kwa sababu tarehe 9 Machi 2021, katika kesi ya VG Bild-Kunst, Mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mwenye haki anayetaka kuzuia kazi yake isipachikwe kwenye tovuti za wengine lazima atumie hatua za kiufundi zenye ufanisi, maana mtumiaji wa kawaida hawezi kubahatisha nia ya mtu. Ukurasa wa malipo ambao anwani ya nyuma yake iko wazi utapimwaje kwa kipimo cha 2021? Mimi ningesema simu ya C More na onyo lao la maandishi vingeziba pengo: Sandberg hakuhitaji kubahatisha nia ya mtu yeyote, aliambiwa. Lakini tovuti ambayo haijaonywa ingekuwa na la kusema.

Baada ya Svensson, mahakama ya Sweden iliona imejibiwa, ikayaondoa maswali manne ya kwanza. Ndiyo maana hukumu ya tarehe 26 Machi 2015, kesi namba C-279/13, haisemi kitu kuhusu linki, ingawa kila anayeikumbuka anaikumbuka kwa linki. Lilibaki swali la tano peke yake.

Jibu lake linategemea kipengele ambacho wasomaji wengi hukiruka. Maagizo ya 2001/29 yanampa mrushaji haki ya kuzuia matangazo yake "yasiwekwe" mtandaoni kwa namna ambayo mtu anaweza kuyafikia mahali na wakati anaouchagua mwenyewe. Hiyo ni filamu iliyohifadhiwa, unaifungua saa nane usiku ukipenda. Mechi mubashara haichaguliwi wakati. Usipokuwepo saa inapochezwa, imekupita. Kwa hiyo matangazo mubashara yalikuwa nje ya haki hiyo ya Ulaya. Ukiisoma sheria hiyo peke yake, kituo cha kulipia kinalindwa kwa mechi ya jana kuliko ya leo, na ya leo ndiyo yenye hela.

Kifungu cha 48 cha sheria ya Sweden hakikuwa na mpaka huo. Luxembourg ikasema Sweden haikukosea. Maagizo ya 2001 hayakuondoa tofauti zote kati ya nchi, na Maagizo ya 2006/115 yanasema waziwazi kwenye utangulizi wake kwamba nchi inaweza kumpa mrushaji kinga kubwa kuliko ile ya chini waliyokubaliana, ilimradi hakimiliki za watunzi zisiathirike. Kinga hiyo ya chini ni ipi? Kifungu cha 8(3): mrushaji anaweza kuzuia matangazo yake yasionyeshwe mahali ambapo umma unaingia kwa kulipa kiingilio. Ni wazo lililotoka kwenye Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, na hakuna anayelielewa haraka kuliko mkazi wa Dar es Salaam. Ni kibanda umiza: mabenchi, runinga, mtu mlangoni anakusanya kiingilio. Sheria ya kimataifa ya urushaji ilimwona mwenye kibanda zaidi ya miaka hamsini iliyopita, ila haikumwona mwenye tovuti.

Kwa jibu hilo hakukuwa tena na kizuizi cha Ulaya dhidi ya haki ambayo mahakama ya rufaa ilimtia nayo Sandberg hatiani. Na kilichomkamata ndicho ambacho wenye tovuti wengi hawakitazami. Hakukamatwa kwa kuvunja msimbo, wala kwa hakimiliki ya mechi, kwa sababu mechi haina mtunzi. Alikamatwa na haki ya pembeni ya mrushaji, iliyoandikwa na bunge la nchi yake kwa upana kuliko ilivyolazimika. Angekuwa kwenye nchi ya Ulaya iliyoishia kwenye kiwango cha chini, na mahakama ingeona kama ile ya Nedre Norrland kwamba picha na maneno ya watangazaji hayana ubunifu wa kutosha, C More wangebaki wakitafuta kifungu.

Kesi zilizofuata zilizidi kuwabana waelekezaji. Tarehe 26 Aprili 2017, katika kesi inayoitwa Filmspeler, kutoka Uholanzi, aliyebanwa alikuwa muuzaji wa visanduku vya runinga. Alivijaza programu jalizi zenye linki za kwenda kwenye tovuti zinazorusha filamu, tamthilia na michezo bila idhini, akavitangaza kwa maneno ya kuwaambia watu kwamba hawatalipia tena. Mahakama ikasema amewasilisha kazi hizo kwa umma, ingawa hakuzirusha yeye. Ikaongeza lililowashtua wanunuzi: hata ile nakala ya muda inayopita kwenye kisanduku unapotazama, ikitoka kwenye chanzo haramu unachokijua, haikingwi na msamaha wa nakala za muda. Tofauti yake na mama wa Portsmouth iko hapo. Yule alilipa, ila alilipa Ugiriki, na mahakama ilimwacha na kadi yake. Kwa wanaotumia ving'amuzi vilivyosajiliwa nchi nyingine, tofauti hiyo si ndogo.

Huku kwetu maamuzi ya Luxembourg hayafungi mahakama yoyote, lakini swali la Nedre Norrland linatuhusu moja kwa moja, na Kenya na Tanzania hazilijibu sawa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaorodhesha matangazo yenyewe, kifungu cha 22, kama kazi inayostahili hakimiliki, na kifungu cha 29 kinampa mwenye matangazo ya televisheni haki ya kuzuia yasirushwe upya wala kuwasilishwa kwa umma. Nairobi, basi, hakuna haja ya kubishana kama mpiga picha ni msanii. Tanzania Bara imekwenda njia ya Sweden: Sheria Na. 7 ya 1999 ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, na mrushaji amekaa upande wa hakishiriki. Mwenye chaneli ya Telegram anayebandika linki za ligi kila Jumamosi angejitetea tofauti kidogo kutegemea ameshtakiwa upande gani wa Namanga, ingawa pande zote mbili wakili wake angeanzia pale pale, kwamba linki si kuwasilisha kwa umma.

Ila huenda asishtakiwe kabisa, kwa sababu kumpata ni kazi. MultiChoice walipoamua kwenda Mahakama Kuu ya Kenya kuhusu tovuti zinazorusha mechi za SuperSport bila idhini, waliowafikisha mahakamani walikuwa Safaricom na Jamii Telecommunications, kampuni zinazopitisha intaneti. Walitumia vifungu vilivyoingizwa kwenye sheria mwaka 2019, vinavyomruhusu mwenye haki kuitaka kampuni ya intaneti ifunge njia ya kufikia maudhui yaliyoibwa, na wakapata amri ya kuzuia tovuti hizo. Tatizo la amri za namna hiyo ni kwamba tovuti iliyofungwa Ijumaa hufunguliwa Jumamosi kwa jina jingine. Uingereza walijaribu kulitatua Machi 2017, pale Mahakama Kuu ya London ilipoipa Ligi Kuu amri inayolenga anwani za seva zinazorusha, badala ya majina ya tovuti, na orodha yake ikiruhusiwa kubadilishwa. Kampuni za intaneti zilitakiwa kuzifunga wakati mechi zinachezwa tu, na kuziachia zinapokwisha.